Refa wa Umuganda na Kazi Yake ya Pili

Uwanja wa Umuganda, Gisenyi, ni nyumbani kwa timu mbili, Etincelles na Marines, na Rayon Sports au APR wakija kutoka Kigali majukwaa hufurika. Refa naye huja kwa barabara hiyohiyo, kilomita zipatazo 150 za milima na kona. Malipo yake huhesabiwa kwa mechi. Asipopangwa, hana kitu. Ukitaka kujua anapata nini, usiulize posho ni kiasi gani. Ondoa kwanza mlo, kitanda na siku ya kazi aliyoikosa, kisha uangalie kilichobaki.

Hali hii ina mizizi mirefu. Sheria za soka zilipoandikwa Uingereza mwaka 1863, refa hakuwamo. Baadaye kila timu ilileta mwamuzi wake, na refa akakaa nje ya mistari kusuluhisha pale wawili hao wanapokosa kuelewana, mpaka 1891 alipoingizwa uwanjani na filimbi yake. Wachezaji walikuwa wameruhusiwa kulipwa tangu 1885. Marefa wa ligi kuu ya nchi hiyohiyo walipata mikataba ya kudumu mwaka 2001, yaani miaka 116 baadaye!

Katikati ya miaka hiyo, filimbi ililishwa na kazi nyingine. Jack Taylor, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia 1974 na kutoa penalti kabla Wajerumani hawajaugusa mpira, alikuwa muuza nyama wa Wolverhampton. Said Belqola wa Morocco, Mwafrika wa kwanza kuchezesha fainali hiyo, mwaka 1998, alikuwa afisa wa forodha. Watu wa Gisenyi, wanaovuka mpaka kwenda Goma na kurudi kila siku, wanaijua kazi hiyo vizuri.

Rwanda imetoa waamuzi wa kiwango hicho. Célestin Ntagungira alishika kibendera katika Kombe la Dunia, kisha akawa rais wa FERWAFA, shirikisho la soka la Rwanda. Salima Mukansanga, mzaliwa wa Rusizi, upande wa kusini wa Ziwa Kivu, ziwa hilihili la Gisenyi, alisomea uuguzi na ukunga. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, alichezesha Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika AFCON ya wanaume. Mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wanawake watatu kati ya marefa 36 walioitwa Qatar. Huko malipo ni ya dola, lakini kwa kila anayefika, wengi hubaki wakisubiri orodha ya mechi za wikiendi.

Watu husema posho ndogo ndiyo mama wa rushwa. Mimi siikubali hoja hiyo yote. Mwaka 2018 Aden Marwa wa Kenya, mwamuzi na mwalimu wa sekondari, alionekana kwenye video ya siri akipokea dola 600, akaikosa safari ya Kombe la Dunia nchini Urusi, ambako angelipwa zaidi ya hizo mara nyingi. Umaskini pekee hauelezi jambo hilo. Hata hivyo, anayedai posho za miezi iliyopita huingia uwanjani akiwa na madeni, na mwenye bahasha hulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wala si kwamba soka letu halijawahi kuona fedha; zimewahi kupita hapa. Bia ya Primus, ya kiwanda cha Bralirwa kilichoanzishwa Gisenyi mwaka 1957, iliwahi kuipa ligi jina lake. Baadaye ikaja Azam. Mwaka 2016 Umuganda ulipokea mechi za kundi la CHAN lenye Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoendesha ligi zetu, Kigali, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ni moja: kabla ya kubishana kuhusu kuongeza posho, ilipeni ile iliyopo, siku ya mechi, refa akiwa bado hajapanda basi la kurudi kwake.