KIBARUA: NENO NA KAZI KATIKA BANDARI YA MOMBASA, 1895–1955

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja, kibarua, kama ushahidi wa historia ya Mombasa chini ya utawala wa Waingereza. Hoja yetu ni kwamba neno hili limehifadhi mgogoro wa muda mrefu juu ya swali moja: nani mwenye siku ya mfanyakazi?

Kimuundo, kibarua ni barua ndogo. Ni kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi, akalipwa ujira kwacho. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamwendea mtu, na kutoka kwa mtu likaiendea kazi yenyewe. Upatanisho wa kisarufi unaionyesha safari hiyo: vibarua wamefika, lakini kibarua chake kimeota nyasi.

Katika karne ya 19 vibarua wengi wa pwani walikuwa watumwa waliotoka kukodishwa kwa siku, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Himaya ya Waingereza ilitangazwa mwaka 1895, na utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1907. Tangu hapo kibarua alikuwa na ujira wake mzima, na hata siku asiyofanya kazi ilikuwa yake.

Siku hiyo iligombaniwa zaidi bandarini. Upande wa mashariki wa kisiwa, Bandari ya Kale iliendelea kufuata pepo: kaskazi ikileta majahazi yenye tende na mazulia kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi ikiyarudisha na boriti. Upande wa magharibi, Kilindini ilifuata meli za moshi na reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Shehena iliteremshwa kwanza kwa matishari, hata gati za kwanza za maji ya kina zilipofunguliwa mwaka 1926.

Yafaa ikumbukwe kwamba waajiri wenyewe ndio waliopenda kazi ya kutwa, kwa sababu meli zilikuja leo nyingi, kesho chache. Lakini vibarua nao waliitumia kwa faida yao. Aliyepata posho ya kumtosha aliweza kwenda shambani, kufanya biashara ndogo Majengo, au kushughulikia chama chake cha beni. Machoni pa maofisa huo ulikuwa uvivu. Machoni pa kibarua ulikuwa uungwana.

Uhuru huo, hata hivyo, haukulipa kodi ya nyumba. Migomo ya mwaka 1939 ilitokana na ujira mdogo na dhiki ya makazi, na Januari 1947 mgomo mkuu uliusimamisha mji kwa siku zipatazo 12. Serikali ilitambua kwamba watu wasiofungwa na mwajiri mmoja waweza kugoma pamoja. Katika miaka ya 1950 ilijitahidi kuwasajili na kuwapunguza vibarua, ili wawe wafanyakazi wa kudumu. Hata hivyo, Machi 1955 makuli waligoma tena, wakapata nyongeza ya mshahara.

Kwa hiyo, anayelifafanua neno kibarua kuwa ni mfanyakazi wa kutwa tu hajakosea, ila ameeleza nusu. Kutwa hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo aliitetea.