Mvinyo wa Jefferson na Daftari Lisilosahau

Thomas Jefferson anakumbukwa kwa kalamu yake. Ndiye aliyeandika rasimu ya Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, lililosema kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Baadaye alikuwa mwakilishi wa nchi yake mjini Paris, kisha Rais wa tatu wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1809. Wanafunzi wa siasa hukutana naye katika sura hiyo ya mwanafalsafa na mwanasiasa. Ni nadra kuambiwa kwamba alikuwa pia mmoja wa waonjaji mvinyo hodari wa zama zake, na kwamba chini ya nyumba yake ya Monticello, katika jimbo la Virginia, palikuwa na ghala la mvinyo lililosifiwa na wageni wake.

Huenda msomaji akauliza: mvinyo wa tajiri mmoja wa karne ya 18 unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu Jefferson aliandika kila kitu. Aliandika bei ya chupa, jina la shamba, ladha ya kila mvinyo na njia iliyousafirisha. Kwa mkono uleule aliandika majina ya watu aliowamiliki. Nyaraka hizo zimekuja kutoa ushahidi mara mbili katika mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyatazamia.

Tuanze na safari. Mwishoni mwa Februari 1787 Jefferson aliondoka Paris kuelekea kusini. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiafya: alikuwa ameumia kifundo cha mkono na alitaka kujaribu maji ya madini ya Aix. Hata hivyo, safari hiyo ya zaidi ya miezi mitatu ilimpitisha Burgundy, bonde la mto Rhône, kaskazini mwa Italia na hatimaye Bordeaux. Alikagua udongo, akauliza umri wa mizabibu, akalinganisha bei za miaka mbalimbali. Alipofika Bordeaux alitaja mashamba manne aliyoyaona kuwa ya daraja la kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Miaka 68 baadaye, mwaka 1855, Wafaransa walipotoa orodha rasmi ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux, ni mashamba hayohayo manne yaliyowekwa juu.

Katika safari hizo alijifunza pia kutowaamini wafanyabiashara wa kati. Aliona kwamba mvinyo unaopita mikononi mwa watu wengi huchakachuliwa, ukachanganywa na mwingine hafifu, kisha ukauzwa kwa jina kubwa. Kwa hiyo alipendelea kuagiza moja kwa moja kwa mwenye shamba, na kutaka mvinyo utiwe kwenye chupa hukohuko badala ya kusafirishwa katika mapipa ambayo mabaharia wangeweza kuyatoboa. Mwaka 1790 aliagiza mvinyo wake pamoja na wa Rais Washington, akaelekeza makasha yatiwe alama ya herufi za majina yao ili yasichanganyike. Tuikumbuke alama hiyo, kwa maana tutakutana nayo tena.

Uonjaji wake haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 1819, akiwa mzee wa miaka 76, alimwandikia wakala wake wa Marseille barua akimfafanulia istilahi zake, asije akatumiwa asichokitaka. Aliugawa mvinyo katika makundi: mtamu, mchachu, mkavu, ule wenye ulaini wa hariri, na ule unaokaza ulimi. Ule wa hariri alimaanisha mvinyo mkavu wenye utamu kidogo sana kwa mbali. Aliamini pia kwamba ladha ni suala la sera. Alitetea ushuru mdogo wa forodha kwa mvinyo, akishikilia kwamba taifa ambalo mvinyo ni rahisi huwa na walevi wachache kuliko taifa linalokunywa pombe kali. Akiwa Rais alikuwa na mshahara wa dola 25,000 kwa mwaka, na katika miaka minane alitumia karibu dola 11,000 kwa mvinyo pekee. Meza yake ilikuwa chombo cha utawala. Aliwaalika wabunge kwa makundi madogo, wakala, wakanywa, na mambo ya nchi yakazungumzwa.

Sasa tushuke ghalani. Katika chumba cha kulia cha Monticello kuna meko ya kuotea moto. Pande zake mbili zimefichwa vikabati vyembamba vinavyoshuka hadi ghala la mvinyo lililo chini. Mtu aliyekuwa chini aliweka chupa ndani ya kikabati, kikavutwa juu kwa kamba, na mwenye nyumba akafungua mlango mdogo ubavuni mwa meko na kuitoa. Kwingineko chumbani palikuwa na mlango wa kuzunguka wenye rafu upande mmoja. Chakula kiliwekwa kwenye rafu, mlango ukazungushwa, na sahani zikawafikia wageni bila mpishi kuonekana. Zilikuwepo pia meza ndogo zenye rafu ambazo mgeni alijihudumia mwenyewe.

Wageni walivistaajabia vifaa hivyo. Faida yake mojawapo ilijulikana wazi: mazungumzo yaliendelea bila masikio ya watumishi. Na watumishi hao walikuwa watumwa. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600. Mtu aliyeandika juu ya usawa wa binadamu alikula na kunywa katika chumba ambacho ufundi wake wote ulilenga kuwaondoa machoni binadamu waliomlisha.

Hawakuwa watu wasio na majina. James Hemings alichukuliwa na Jefferson kwenda Paris mwaka 1784 akiwa kijana, akafundishwa upishi wa Kifaransa hadi akawa mpishi mkuu katika makazi ya mwakilishi wa Marekani. Katika ardhi ya Ufaransa sheria ingemwezesha kudai uhuru wake, lakini alirudi Marekani na bwana wake. Mwaka 1793 Jefferson alimwahidi uhuru kwa maandishi, kwa sharti moja: kwanza amfundishe mwingine upishi huo. James alimfundisha ndugu yake Peter, na mwaka 1796 akaachwa huru. Kabla ya kuondoka aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vya jikoni, sufuria kwa sufuria. Orodha hiyo ipo hadi leo. Mwaka 1801 alijiua mjini Baltimore.

Aliyekuja kushika jiko la Monticello baadaye ni Edith Fossett. Alipelekwa akiwa msichana kujifunza upishi katika Ikulu ya Rais chini ya mpishi Mfaransa, kisha akarudi Virginia kuwapikia wageni waliokuja kuonja mvinyo wa mstaafu huyo mashuhuri. Mumewe, Joseph Fossett, alikuwa mhunzi wa shamba hilo.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Tangazo la Uhuru. Aliacha madeni ya zaidi ya dola 107,000. Miaka ya mwisho uhaba wa fedha ulikuwa umemlazimisha kuiacha Bordeaux na kuagiza mvinyo wa bei nafuu wa kusini mwa Ufaransa, lakini hakuacha kuagiza. Katika wosia wake aliwapa uhuru watu watano, Joseph Fossett akiwa mmojawapo. Mke wa Joseph na watoto wao hawakutajwa. Januari 1827 watu wapatao 130 walinadiwa Monticello ili kulipa madeni, pamoja na mifugo na vyombo vya nyumbani. Joseph, aliyekwisha kuahidiwa uhuru, aliwashuhudia mkewe na watoto wakiuzwa. Kwa miaka mingi baadaye alifanya kazi ili awakomboe, na aliwapata baadhi yao. Mwanawe Peter aliupata uhuru mwaka 1850, akaja kuwa mchungaji huko Cincinnati.

Yote haya tunayajua kwa sababu yameandikwa. Jefferson alikuwa na daftari la shamba alilolianza mwaka 1774. Ndani yake mna orodha za watumwa kwa majina, tarehe za kuzaliwa, mgawo wa samaki, nguo na mablanketi. Alikuwa pia na daftari la matumizi ya kila siku na nakala za maelfu ya barua. Kwake hizo zilikuwa hesabu za mwenye mali. Kwa wajukuu na vitukuu vya waliouzwa, zimekuwa njia ya kuwapata mababu wao. Huo ndio ushahidi wa kwanza.

Wa pili ulikuja baada ya karibu miaka 160. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Hardy Rodenstock, aliyekuwa meneja wa wanamuziki kabla ya kujulikana kama mkusanyaji wa mvinyo adimu, alitangaza kwamba zimepatikana Paris, nyuma ya ukuta wa nyumba ya kale, chupa za mvinyo wa karne ya 18 zilizochongwa herufi “Th.J.”. Alikataa kutaja nyumba hiyo ilipo wala idadi kamili ya chupa. Desemba mwaka huo chupa moja ya Lafite ya 1787 iliuzwa mjini London katika mnada wa Christie’s kwa pauni 105,000, bei ambayo chupa moja ya mvinyo haikuwa imewahi kufikia. Mnunuzi alikuwa Christopher Forbes. Iliwekwa kwenye maonyesho chini ya taa kali, kizibo kikanyauka na kutumbukia ndani.

Chupa nyingine zilifunguliwa mbele ya waonjaji mashuhuri, nao wakausifu mvinyo huo kwa maneno makubwa. Ulimi uliofundwa kwa miaka mingi uliamini kile ambacho lebo ilikuwa imekwisha kuuambia.

Daftari halikuamini. Mwaka uleule wa 1985 mtafiti wa Monticello alipitia kumbukumbu za Jefferson za ununuzi, barua na forodha, asiione Lafite ya 1787 popote. Tena Jefferson alipofupisha jina lake alizoea kuweka nukta mbili baada ya “Th”, si nukta moja. Angalizo hilo lilipuuzwa. Tajiri mwingine, Bill Koch, alinunua chupa nne mwaka 1988 kwa takriban nusu milioni ya dola. Ni mwaka 2005, makumbusho ya sanaa ya Boston ilipojiandaa kuonyesha mali zake, ndipo alipotakiwa athibitishe chupa hizo zilikotoka, naye akagundua kwamba hana uthibitisho. Wachunguzi aliowaajiri walihitimisha kuwa herufi zile zilichongwa kwa kifaa cha umeme. Mwaka 2006 alimfungulia Rodenstock kesi. Rodenstock alikanusha tuhuma hizo, akafariki mwaka 2018.

Kumbe mtu aliyetumia maisha yake kukwepa mvinyo uliochakachuliwa, jina lake lenyewe ndilo liligeuzwa kuwa lebo ya uchakachuaji!

Ndugu msomaji, hasa wewe unayefanya kazi katika ofisi ya umma na kudhani kwamba jalada unalolifungua leo halina maana kesho, tafakari jambo hili. Wenye majina makubwa, fedha na vipaji vya kuonja walishindwa kuujua ukweli. Aliyeujua ni mtafiti aliyekaa na karatasi kuukuu, akalinganisha tarehe na tarehe, saini na saini. Nyaraka zilizotunzwa vizuri huweza kumkana hata mwenyewe aliyeziandika. Ndiyo sababu wenye mamlaka, popote duniani, huona shida kuzitunza au kuzifungua kwa umma.

Nawe mwanaharakati na mwanafunzi, usitosheke na orodha ya mashamba bora ya Bordeaux. Katika kila meza ya heshima kuna waliokaa na kuna waliopitisha sahani nyuma ya mlango wa kuzunguka. Historia ya meza hiyo haijakamilika hadi tuwe tumeuliza nani alikuwa chini ghalani, akiweka chupa kwenye kikabati, na watoto wake waliishia wapi. Kwa Edith Fossett tunalo jibu. Kwa wengi wengine, swali bado halijaulizwa.