Mteremko unaopanda

Kabonga, pwani ya Tanganyika upande wa Burundi, njia ya mlimani ni moja: atokaye ziwani huiona mwinuko, arudiye huiona mteremko. Hisabati haina anasa hiyo. Huusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia tu, na kuuita mteremko hata unapopanda. Alama ya kutoa ndiyo inayokwambia unashuka.

Kanuni yenyewe ni fupi. Shika nukta mbili, gawa badiliko la wima kwa badiliko la mlalo. Ila ukianzia nukta ya pili juu ya mstari wa kugawa, anzia hiyohiyo chini yake. Hapo ndipo wengi huteleza. Chukua mfano wa ziwa lenyewe: lilifikia kilele mwaka 1878, kisha, mto Lukuga unaotoa maji yake ukiwa umezibuka, likashuka takriban mita 10 kufikia 1894. Unganisha nukta hizo mbili kwa mstari: hasi 10 kwa 16, yaani kama hasi 0.6. Kila mwaka, kwa wastani, maji yalipungua sentimita 60 hivi.

Wapo wapendao neno “mwinamo” badala ya “mteremko”. Mimi naliona linafaa zaidi ukuta ulioelemea upande. Mteremko umebeba kitenzi cha mwendo, na kasi ya badiliko ndiyo tunayoipima.