Nyangumi aliyebandikwa plasta

Aprili 2021, makumbusho ya historia ya asili ya New York yaligeuzwa kituo cha chanjo. Watu walidungwa chini ya sanamu ya nyangumi wa zaidi ya mita 28, naye akabandikwa plasta! London, Science Museum nayo ilichanja watu, na ikahifadhi kichupa cha chanjo aliyodungwa Margaret Keenan tarehe 8 Desemba 2020. Kichupa kitupu, jameni. Wangechelewa kidogo kingetupwa.

Sasa mimi nauliza: ile mitungi yenye mfereji tuliyonawia kwa steji kabla ya kupanda matatu, nani ameweka hata mmoja? Mingi siku hizi inachota maji ya kupikia. Kama mko nao kwenu, piga picha, andika ulikuwa steji gani, na usiutupe.