Chupa ya Dawa ya Vidonda Ikishafunguliwa

Katika nyumba nyingi kuna chupa ya dawa ya kuua viini iliyofunguliwa mtoto wa kwanza alipoanguka, na sasa mtoto huyo yuko darasa la nne. Leo tutazungumza juu ya chupa hiyo, maana hata madaktari wakubwa wa zamani iliwasumbua.

Mwaka wa 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumhudumia mama anayejifungua. Vifo vya akina mama vikapungua sana. Mwaka wa 1865 Joseph Lister naye akaanza kutumia asidi ya kaboliki kwenye vidonda kule Glasgow.

Ndipo vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na vidonda vya askari vikawa vinaoza. Mkemia Mwingereza Henry Dakin, akishirikiana na daktari Mfaransa Alexis Carrel, alitengeneza dawa ya klorini ya nguvu ya nusu asilimia hivi. Waliipitisha kwa mipira myembamba hadi ndani ya kidonda, kila baada ya saa mbili. Iliokoa miguu na mikono mingi. Lakini dawa ile haikuwa ya kukaa. Mwanga na joto huivunja klorini, kwa hiyo ilibidi itengenezwe mpya mara kwa mara na ifichwe mbali na jua. Kemikali yake ndiyo iliyomo katika Jik, ingawa Jik ni kali mno. Usiitie kwenye kidonda.

Dawa kuisha nguvu ni jambo moja. Kuna baya zaidi. Mwaka wa 1951 daktari Lowbury wa Birmingham, Uingereza, alieleza kwamba viini hai vilipatikana ndani ya dawa yenyewe ya kuua viini! Vizibo vya gome la mti vilikuwa vimevipa mahali pa kujificha. Muuguzi alidhani anasafisha kidonda, kumbe anakipaka bakteria.

Siku hizi vizibo ni vya plastiki, lakini sisi wenyewe huingiza viini tunapochovya pamba ndani ya chupa. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, na kinachobaki kimwage, usikirudishe. Usijazilize chupa ya zamani kwa dawa mpya. Ukichanganya na maji, yawe yaliyochemshwa yakapoa, na utumie siku hiyo hiyo.

Tarehe iliyochapishwa kiwandani ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Andika kwa kalamu siku uliyoifungua, kisha muulize mfamasia itadumu muda gani, kwa sababu dawa hazilingani. Ikibadilika rangi au harufu, au ikiwa na vitu vinavyoelea, imwage.

Tena usiihamishie kwenye chupa ya soda. Tangu mwaka wa 2015 nchi kadhaa za Afrika ziliripoti watu, wakiwemo watoto wachanga, walioumia macho vibaya baada ya kutiwa klorheksidini ya kitovu, ikidhaniwa ni dawa ya macho. Chupa hizo zilikuwa na karatasi ya maelezo, na bado zilikosewa. Iliyo ndani ya chupa ya soda mtoto ataijuaje?