Nembo jongefu: Sekunde sita zinazobeba jina la filamu ya wanafunzi

DALILI ya mvua ni mawingu, na dalili ya filamu ni zile sekunde chache ambapo alama ya kampuni iliyoitayarisha huonekana, hata kabla mhusika wa kwanza hajafungua kinywa. Simba hunguruma, mlima huzungukwa na nyota, kisha hadithi huanza. Alama hiyo yenye mwendo na sauti ndiyo watu wa filamu huiita identi. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa nembo jongefu.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako wanafunzi hupiga filamu kwa simu za mkononi na kamera za kuazima, nembo jongefu aghalabu hushughulikiwa mwisho, usiku wa kuamkia maonyesho. Mtu hupakua mtandaoni kiolezo chenye dunia inayozunguka na moto unaolipuka, huandika jina la kundi juu yake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Hapo ndipo kosa hutendeka. Filamu iliyochukua miezi kadhaa kutengenezwa huanza kwa picha na muziki wa mtu mwingine. Isitoshe, hakuna anayeweza kueleza alama hiyo ni ya nani.

Si nembo tu, si jina la filamu

Ni vyema kwanza kutenganisha mambo matatu. Nembo ni mchoro uliotulia ambao hutumika katika barua, mabango na fulana. Nembo jongefu ni mchoro huo huo uliopewa mwendo, muda na sauti. Jina la filamu, pamoja na majina ya waigizaji, ni sehemu ya hadithi na hubadilika kwa kila kazi. Nembo jongefu haibadiliki hovyo, kwani kazi yake ni kumwambia mtazamaji kuwa waliotayarisha filamu hii ndio waliotayarisha ile aliyoipenda mwaka jana.

Iwapo filamu imetayarishwa na makundi mawili, kila kundi huwa na alama yake. Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka wa 2018 iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, ilitokana na ushirikiano wa One Fine Day Films na Ginger Ink. Wanafunzi wa vyuo viwili wanaoshirikiana hawana budi kukubaliana mapema ni alama ya nani itakayotangulia, na zote mbili zitachukua muda gani.

Mafunzo kutoka kwa waliotangulia

Alama zinazodumu zina wazo moja tu. Mlima wa Paramount ulianza kutumika mwaka wa 1914, na unahusishwa na W. W. Hodkinson, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo. Simba wa Metro-Goldwyn-Mayer alitangulia kuonekana katika miaka ya 1920, na simba kadhaa wamepokezana nafasi hiyo tangu wakati huo. DreamWorks, iliyoanzishwa mwaka wa 1994, ilimchagua mvulana anayevua samaki akiwa ameketi juu ya mwezi mwandamo. Yeyote aliyeziona picha hizi anaweza kuzieleza kwa sentensi moja.

Sauti nayo ina historia yake. Mlio wa tarumbeta na ngoma wa 20th Century Fox ulitungwa na Alfred Newman mwaka wa 1933. Nchini Uingereza, kampuni ya Rank ilimwonyesha mwanamume mwenye misuli akipiga gongo kubwa. Gongo lililoonekana lilikuwa pambo tu. Mlio uliosikika ulipigwa na mwanamuziki James Blades kwa chombo kingine, kisha ukaunganishwa na picha. Mwanafunzi asiye na fedha ana funzo la kufurahia hapa, yaani picha na sauti si lazima zitoke mahali pamoja, wala si lazima ziwe za gharama.

Kuchagua picha

Homa Bay na Migori hazina upungufu wa picha. Katika usiku wa giza, wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji ya Ziwa Victoria ili kuwavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi taa za betri na za sola zimeenea. Aliye ufuoni Mbita au Rusinga huona safu ya taa hizo mithili ya mji unaoelea. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kwenye bonde la Lambwe, yupo korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, ambaye nchini Kenya amesalia katika mbuga hiyo pekee.

Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2018. Kuta zake, ambazo zinakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, zimesimama bila saruji wala udongo wa kuzishikanisha. Kila jiwe limekaa kwa sababu limeegemea jingine. Kwa kundi la wanafunzi, wazo hilo la jiwe kuegemea jiwe lina maana kuliko moto wa kupakua.

Hata hivyo, uzuri wa picha hautoshi. Yafaa kuuliza ishara hiyo inasema nini kwa watazamaji wengine. Jogoo ni alama ya kampuni kongwe ya filamu ya Ufaransa, Pathé. Nchini Kenya, jogoo ni alama ya chama cha KANU, na mtazamaji mwenye umri wa makamo atafikiria kura kabla ya kufikiria sinema. Bendera ya taifa na nembo ya serikali hazifai kabisa, kwani sheria inayozilinda inakataza kuzitumia kibiashara bila idhini.

Kutoka karatasi hadi skrini

Kazi huanza kwa penseli. Chora alama mara ishirini, ndogo kama kidole gumba, kisha uchague ile ambayo bado inatambulika kwa rangi nyeusi na nyeupe pekee. Mchoro uliochaguliwa huingizwa katika tarakilishi kwa njia ya vekta, yaani mistari inayohesabiwa kimahesabu, ili uweze kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupoteza makali. Programu ya Inkscape hufanya kazi hiyo bila malipo. Blender, ambayo pia ni ya bure, huipa nembo mwendo, na toleo la bure la DaVinci Resolve hutosha kuunganisha picha na sauti.

Kisha muda hupangwa. Sekunde sita zatosha kwa filamu fupi. Filamu ikipigwa kwa fremu 25 kwa sekunde, sekunde hizo sita ni fremu 150. Nembo itengenezwe kwa kasi ile ile ya filamu, la sivyo mwendo wake utarukaruka.

Chukulia kundi linalotaka kutumia taa za omena. Katika sekunde ya kwanza skrini ni giza na maji yanasikika. Katika sekunde ya pili taa moja inawaka. Katika ya tatu na ya nne, taa nyingine zinawaka hadi zinapanga umbo la nembo. Katika sekunde mbili za mwisho jina linatulia, bila kutikisika, ili lisomwe. Kanuni rahisi ni kulisoma jina kwa sauti mara mbili, polepole. Likikatika kabla hujamaliza, muda hautoshi.

Kundi lisilo na tarakilishi nzuri linaweza kutumia kokoto, meza na simu iliyofungwa imara kwenye kigoda. Kokoto husogezwa kidogo, picha hupigwa, kisha husogezwa tena, mpaka ukuta mdogo unajengeka. Kila picha ikishikiliwa kwa fremu mbili, picha 75 zinatosha kwa sekunde sita. Ni kazi ya alasiri moja, na hakuna kundi jingine litakalokuwa na alama kama hiyo. Watakaopendelea kupiga picha katika Thimlich Ohinga penyewe sharti waombe ruhusa mapema kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na wasiguse mawe ya kuta hizo.

Sauti

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, na mpigaji wake huvaa pete ya chuma kidoleni mguuni ambayo hugonga chombo kutoa mdundo. Wakuria wa Migori wana iritungu, yenye mlio mzito zaidi. Mapigo matatu au manne ya chombo kimojawapo, yakirekodiwa katika chumba chenye mapazia na magodoro ya kuzuia mwangwi, hutosha. Mpigaji aombwe ridhaa, alipwe au angalau aandikwe jina, na makubaliano yatiwe sahihi. Wimbo uliopakuliwa ni wa mwenyewe hata ukidumu sekunde tatu tu, na mitambo ya tovuti za video huweza kuutambua na kuizuia filamu nzima.

Sauti isipite kiasi. Filamu inayoanza kwa maombolezo huharibiwa na kishindo cha sherehe kilichoitangulia. Ndiyo sababu baadhi ya makundi huandaa matoleo mawili, moja lenye sauti na jingine la kimya.

Majaribio kabla ya maonyesho

Nembo inayopendeza kwenye simu huweza kupotea ukumbini. Kumbi nyingi za shule zina madirisha yasiyozibika, na projekta dhaifu hugeuza weusi kuwa kijivu. Taa za omena zilizochorwa ndogo hazitaonekana kamwe. Dawa yake ni kuzikuza taa hizo, kuzipunguza idadi, na kuliandika jina kwa rangi angavu. Vilevile, baadhi ya runinga hukata kingo za picha. Kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080, maandishi yaachiwe nafasi ya angalau pikseli 96 kila upande, na 54 juu na chini.

Mwangaza unaometameta ni jambo la afya. Desemba 1997, mamia ya watoto nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni chenye mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na buluu. Tangu hapo, watangazaji wengi duniani hufuata kanuni ya kutopitisha mimweko mitatu kwa sekunde. Violezo vingi vya kupakua, vyenye radi na milipuko, huivunja kanuni hiyo.

Alama ni ya nani?

Swali hili ndilo huvunja urafiki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, mchoro hulindwa tangu unapotengenezwa, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kifo cha aliyeuchora. Mwanafunzi aliyechora nembo kwa hiari, bila kuajiriwa wala kuagizwa na mtu, ndiye mmiliki wake wa kwanza. Kundi likitaka nembo iwe mali ya wote, sharti aihamishe kwa maandishi. Ukurasa mmoja watosha: nani alichora, nani alitunga sauti, nani ataruhusiwa kuitumia baada ya kuhitimu, na nini kitatokea kundi likivunjika.

Jina nalo lichunguzwe. Si lazima filamu ya darasani iwe na kampuni iliyosajiliwa, lakini kuandika neno Limited pasipo usajili ni kuudanganya umma. Wenye nia ya kufanya biashara wanaweza kusajili jina kupitia jukwaa la eCitizen, na kusajili nembo kama alama ya biashara katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Usajili huo wa alama hudumu miaka 10 na waweza kufanywa upya. Yeyote anayetumia akili unde kuchora naye asome masharti ya programu husika, kwani zana hiyo hiyo huweza kumpa mwingine picha inayofanana na yake.

Migori na Homa Bay zina vyuo vikuu vya umma, cha Rongo na cha Tom Mboya, na shule nyingi hushiriki Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Wanafunzi huhitimu na kutawanyika kila mwaka, nao wapya huja. Filamu husahaulika upesi, lakini alama iliyobuniwa kwa makini, ikaandikiwa makubaliano na kuhifadhiwa pamoja na faili zake za awali, yaweza kurithiwa na kundi linalofuata. Kama ukuta wa Thimlich, jiwe la leo ndilo litakaloegemewa na la kesho.