Jina la Mama wa Berlin Juu ya Milima ya Chimala

Ukitoka Chimala kwenda Matamba, ukaiacha nyuma barabara kuu ya Zambia na mashamba ya mpunga ya Usangu, njia inaanza kuukwea ukuta wa mlima. Wenyeji wanazihesabu kona zake kuwa 57, na kadiri unavyopanda ndivyo mimea inavyobadilika. Chini ni miombo na mikusu. Juu kabisa ni nyasi za Kitulo, baridi na wazi. Kati ya hapo, penye mawe na udongo mwembamba, ndipo pa vichaka vya protea, vyenye majani magumu kama ngozi na vichwa vya maua vilivyojaa nywele laini za hariri.

Tukiangalie kwanza kichwa chenyewe, maana ndicho kilichowasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne mbili. Unachodhani ni ua moja ni maua mengi membamba yaliyosimama pamoja juu ya kitako kimoja, kama watu waliobanana uwanjani. Yale mapana ya nje, ambayo jicho linayaita petali, ni majani yaliyogeuka kuwa ukingo wa kuyalinda. Kila ua dogo lina vipande vinne tu. Linapofunguka, vitatu hubaki vimeshikana na cha nne huchanika peke yake. Vibeba chavua vimegandamana na vipande hivyo hivyo, na katikati husimama kijiti kirefu ambacho kwa muda huibeba chavua ya ua lenyewe. Chozi anapozamisha mdomo kutafuta asali huondoka na chavua hiyo kichwani.

Sehemu hizo, zinazohitaji kioo cha kukuzia na subira, ndizo zinazoifanya protea iitwe protea. Mengine yote hubadilika. Protea angolensis, iliyopewa jina na Friedrich Welwitsch mwaka 1859, mahali fulani ni kichaka kifupi ambacho mti wake halisi umejificha ardhini: moto ukipita, machipukizi mapya hutoka chini. Mahali pengine ni mti kamili wenye matawi. Wataalamu wamekubaliana kuwa ni spishi moja yenye namna mbili. Mswede Linnaeus alikuwa ameona mapema jinsi mimea hii inavyogeuka sura. Mwaka 1735 aliipa jenasi yake jina la Proteus, mungu wa bahari wa Wagiriki aliyeweza kujibadilisha umbo apendavyo.

Linnaeus alikuwa na mimea ya Rasi ya Afrika Kusini, ambako spishi nyingi za jenasi hii huishi. Za huku kwetu ziliingia vitabuni kwa mlango mwingine. Mskoti James Bruce alikuta mojawapo Ethiopia katika safari yake ya miaka ya 1760 na 1770, akaiandika kwa jina alilolisikia huko: gaguedi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1790, na mwaka uliofuata mwanabotania Gmelin akaiita Protea gaguedi. Baadaye kidogo mwanabotania mwingine, Willdenow, aliibatiza upya Protea abyssinica, na jina hilo lilitumika sana. Lakini sheria ya wanabotania inasema jina halali lililotangulia ndilo linalokaa. Kwa hiyo protea hii, ambayo inamea pia katika Nyanda zetu za Juu Kusini, inaitwa kisayansi kwa neno la Mwafrika. Kila ninapoliona jina hilo nafurahi, kwa sababu halikuwekwa kwa hisani ya mtu. Limesimama kwa sababu lilitangulia.

Protea madiensis nayo ilipewa jina la nchi. Ilitokana na mimea aliyochuma mpelelezi Grant alipokuwa na mwenzake Speke kwenye safari ya 1860 hadi 1863. Oliver wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alipoieleza mwaka 1875, aliihusisha na Umadi, kaskazini mwa Uganda ya leo.

Milima yetu haikupata bahati hiyo. Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alifariki Julai 1898, na haukupita muda mrefu kabla Mjerumani kijana, Walter Goetze, hajapita Uhehe na kufika Ukinga, nchi ya milima hii, akichuma mimea. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya vita, na njia alizopita ziliwekwa wazi na vita hivyo. Safari yake iligharimiwa na mfuko wa Akademia ya Sayansi ya Prussia, ulioitwa kwa majina ya Hermann Wentzel na mkewe Elise, ambaye kwao aliitwa Heckmann. Goetze hakurudi Ujerumani. Alifariki mwaka 1899 katika nchi hii, akiwa hajafikisha miaka 30. Mizigo yake ndiyo iliyofika Berlin, kwa Adolf Engler, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya huko.

Engler alilipa deni kwa Kilatini. Kichaka cha nyasi za milimani kikawa Protea heckmanniana. Mti wa familia hiyo hiyo ukawa Faurea wentzeliana. Ukoo wa mama na ukoo wa baba, wafadhili ambao hawakupumua upepo wa Ukinga, wakakaa pamoja ndani ya familia moja ya mimea ya huku. Mchumaji naye alikumbukwa katika mimea mingi, ukiwemo mgunga ulioitwa Acacia goetzei, ambao siku hizi umehamishiwa jenasi ya Senegalia.

Nasikitika ninapofikiria waliobaki nje ya majina hayo: wapagazi waliobeba karatasi za kukaushia mimea, na wenyeji walioonyesha njia na kujua kila kichaka kinafaa nini. Lakini maelezo ya Engler siyabezi. Alihesabu, alipima, alilinganisha, na mtu wa leo anaweza kuyachukua maneno yake akaenda nayo mlimani.

Ikawa ni lazima kwenda nayo mlimani. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, ghala la mimea iliyokaushwa, huko Dahlem. Sehemu kubwa ya sampuli zake takriban milioni nne iliteketea, zikiwemo nyingi zilizochumwa Tanganyika. Sampuli ya kwanza, ile ambayo jina limefungwa kwake, ndiyo shahidi wa mmea. Ikiungua, mtaalamu hutafuta nakala iliyopelekwa hebaria nyingine, na akiikosa hurudi kwenye ardhi yenyewe.

Kazi kubwa ya kurudi ilikuwa kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 kikiwa kimeeleza zaidi ya spishi 12,000. Humo Tanganyika imegawanywa sehemu nane, na Mbeya na Iringa ya zamani ziko pamoja chini ya alama T7. Msomaji wa lebo za zamani inabidi awe makini. Makete, iliko Matamba, ilikuwa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, na Kitulo iliandikwa Elton, kwa jina la Mwingereza aliyepita huko mwaka 1877. Uwanda huo umerudishiwa jina lake, na tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Mimea hairudishiwi majina kwa urahisi huo. Hata hivyo, Julai 2024 wanabotania waliokutana Madrid walipiga kura kuliondoa neno caffra kwenye majina ya mimea zaidi ya 200. Sisi hatuhitaji kufasiriwa neno hilo: ni kafiri, lililotoka kwenye Kiarabu na kugeuzwa tusi la mtu mweusi kusini mwa Afrika. Badala yake huandikwa affra, yaani la Afrika. Protea caffra, ambayo nususpishi yake moja huishi Kilimanjaro, imo katika orodha hiyo.

Protea heckmanniana haimo, kwa sababu jina la mfadhili si tusi, na sheria haina neno juu yake. Litabaki. Ila chini ya kila sampuli kuna lebo, na juu ya lebo huandikwa mahali mmea ulipochumwa, tarehe, kimo, na jina unaloitwa na wenyeji endapo mchumaji aliuliza. Mtafiti kijana anayepanda leo kona zile 57 akiwa na karatasi zake anaandika Chimala, kisha anamgeukia aliyemwongoza njia na kumuuliza kichaka kile kinaitwaje.